Rubani Aliyetua Barabarani: Je, Kuokoka ni Dalili ya Wema?

Usiku wa tarehe 2 Desemba, 2020, katika mji wa Arden Hills, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ndege ndogo ya injini moja ilitua katikati ya barabara kuu. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu, na magari yalikuwa yakipita kama kawaida yake. Kamera iliyowekwa kando ya barabara kwa ajili ya kuangalia mwendo wa magari ililinasa tukio lote. Ndege ilishuka kutoka gizani, ikagusa lami, ikakimbia pamoja na magari, kisha ikaligonga gari moja. Hakuna aliyejeruhiwa, si katika ndege wala katika gari. Picha hizo zilienea duniani. Wengi walimsifu rubani kwa ustadi wake, na wengine wakasema kwamba huo ulikuwa muujiza.

Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 2 Agosti, 2017, ndege nyingine ndogo iliyokuwa ikiruka karibu na Costa da Caparica nchini Ureno ilipatwa na hitilafu ya injini. Ndani yake walikuwamo mwalimu wa urubani na mwanafunzi wake. Nao pia hawakuwa na kiwanja cha kufikia, wakatua ufukoni. Lakini ilikuwa siku ya kiangazi na ufuko ulikuwa umejaa watu wanaoota jua. Ndege ikawaua watu wawili, mwanamume mmoja na mtoto wa kike wa miaka minane. Mwalimu na mwanafunzi wake walitoka salama. Hao hawakusifiwa na mtu. Watu waliokuwa ufukoni waliwakabili kwa hasira, wakiwauliza kwa nini hawakuitua ndege baharini.

Ndugu msomaji, tuyatazame matukio haya mawili pamoja. Katika yote mawili ndege ilipatwa na hitilafu angani. Katika yote mawili waliokuwamo walitua mahali penye watu. Na katika yote mawili walitoka wazima. Mmoja akaitwa shujaa, wengine wakaitwa wauaji. Basi swali latokea: tofauti yao ni nini? Je, ni tofauti ya nia, au ya juhudi, au ni tofauti ya kile tu kilichokuwa mbele ya magurudumu? Na kama ni hiki cha mwisho, je, mwanadamu aweza kuwa mwema au mwovu kwa jambo lisilokuwa mikononi mwake?

Swali hili si la marubani peake yao. Linamhusu kila mtu ambaye aliwahi kutenda jambo la hatari na likapita salama, kisha akaihesabu salama hiyo kuwa ushahidi kwamba hakukosea.

Dakika nne za rubani

Ili tuhukumu kwa haki, yatupasa kwanza tuelewe hali ya mtu huyu ilivyo. Wengi hudhani kwamba injini ya ndege ikizimika, ndege huanguka kama jiwe. La, sivyo. Ndege ndogo huteleza hewani kama mwewe aliyekunjua mbawa. Ndege ya kawaida ya watu wanne, kwa kila mita moja inayoshuka, husonga mbele mita tisa hivi. Kwa hiyo rubani aliye kwenye kimo cha mita 900 anao uwezo wa kufika kilometa nane hivi kutoka pale alipo, na anazo kama dakika nne za kuchagua.

Katika dakika hizo ana kazi nyingi. Amefundishwa kuzifuata kwa utaratibu: kwanza aiendeshe ndege yenyewe ili isipoteze mwendo, pili aielekeze mahali pa kutua, tatu ndipo azungumze kwa redio na kuomba msaada. Anatafuta kiwanja, na kama hakuna, anatafuta shamba tupu lililo sawasawa. Lakini usiku shamba na msitu huonekana kuwa giza moja. Kinachoonekana ni barabara, kwa kuwa ina taa. Tena ni ndefu, imenyoka, na ni ngumu. Mwendo wa ndege hizo wakati wa kutua haupishani sana na mwendo wa magari ya barabara kuu, yaani kilometa 100 au 120 kwa saa, kwa hiyo rubani akifuata upande yanakoelekea magari aweza kujipenyeza kati yao. Hata hivyo barabara ina nguzo, vibao, madaraja, na nyaya za umeme ambazo kutoka juu ni vigumu kuziona. Na zaidi ya vyote ina watu.

Basi tusimdhanie rubani huyu kuwa mtu aliyeketi kitini kwa raha akichagua nani afe. Ni mtu aliyebanwa. Lakini kubanwa hakumwondolei mtu akili wala dhima, na hapa ndipo penye swali letu la kwanza.

Je, ana haki ya kushuka juu yao?

Aliye ndani ya ndege alipanda kwa hiari yake. Alijua kwamba kuruka kuna hatari, akaikubali. Lakini mama anayeendesha gari lake kurudi nyumbani hakuikubali hatari hiyo, hakuulizwa, wala hana habari kwamba juu ya kichwa chake kuna mtu anayeitafuta barabara ile ile. Je, ni haki mtu kuitafuta salama yake kwa kumtia hatarini asiyehusika?

Mwaka 1967 mwanafalsafa Mwingereza, Bibi Philippa Foot wa Oxford, aliandika makala ambayo imezungumzwa sana tangu hapo. Humo alitoa mfano wa dereva wa tramu ambaye hana budi kuchagua kati ya njia yenye watu watano na njia yenye mtu mmoja. Wengi wanaujua mfano huo. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya tramu alimtaja rubani ambaye ndege yake inakaribia kuanguka, naye anafikiri kama aielekeze mbali na mahali penye watu wengi, kwenye mahali penye watu wachache. Bibi Foot aliona kwamba tunamkubalia rubani huyo bila wasiwasi, ilhali hatumkubalii hakimu amnyonge mtu asiye na hatia ili kutuliza ghasia za watu, hata kama kwa kufanya hivyo ataokoa maisha ya wengi. Kwa nini? Hesabu ya watu yaweza kuwa ile ile. Bila shaka kuna kitu kingine kinachopimwa zaidi ya hesabu.

Zaidi ya miaka mia nane kabla yake, Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitazama swali la jamaa yake katika kitabu chake Al-Mustasfa. Watu wamo katika jahazi linalozama. Wakimtupa mmoja wao baharini, waliobaki wataokoka. Wasipomtupa, wataangamia wote. Je, inajuzu? Jibu lake ni kwamba haijuzu. Uhai wa mtu mmoja asiye na hatia si mzigo wa kutupwa ili wengine wapate nafuu.

Huenda mtu akauliza: kama haijuzu kumtupa mmoja baharini, yawezaje kujuzu kumshushia ndege aliye barabarani? Jibu ni kwamba mambo haya mawili hayafanani. Wale wa jahazini wamemkamata mwenzao, na kumtupa ndiyo njia yenyewe ya wokovu wao. Bila yeye kutupwa, shauri lao halikutimia. Lakini rubani hamhitaji yule mwenye gari. Anachohitaji ni lami. Laiti barabara ingekuwa tupu, angemshukuru Mwenyezi Mungu kwa utupu wake. Kuwapo kwa gari pale ni kikwazo kwake, si chombo chake. Tena ndege yake haina budi kushuka mahali fulani. Hakupewa nafasi ya kuchagua kushuka au kutoshuka. Amepewa nafasi ya kuchagua mahali tu. Basi kosa haliko katika kushuka. Kosa laweza kuwa katika namna alivyochagua.

Lakini hapa tusijidanganye. Kusema "sikukusudia" si ufunguo wa kufungua kila mlango. Anayechimba shimo njiani na kuliacha wazi usiku hakukusudia mtu atumbukie, na hata hivyo analaumiwa. Kwa hiyo rubani anadaiwa zaidi ya nia safi. Anadaiwa kuitafuta njia ambayo kwa kadiri ya ujuzi wake itawahatarisha watu wachache zaidi, na kuwafikiria kwanza wale ambao hawakuikubali hatari. Kama kuna shamba tupu litakaloivunja ndege yake, na barabara nzuri iliyojaa magari, basi shamba ndilo haki yao na ndege ndiyo hasara yake. Chuma hakilingani na mtu.

Na uhai wake mwenyewe je? Hakuna sheria yenye busara inayomwamuru mtu aidharau nafsi yake, maana nayo ni amana aliyopewa, na abiria aliowachukua ni amana pia. Lakini kuihifadhi amana yako si ruhusa ya kuila amana ya mwenzako. Twaweza kusema hivi: rubani ana haki ya kujiokoa pamoja na walio chini, na ana haki ya kuwatia katika hatari ndogo isiyoepukika, lakini hana haki ya kununua salama yake kwa kuwaangukia watu anaowaona wazi mbele yake, iwapo anao uwezo wa kwenda penginepo, hata kama penginepo hapo ni pagumu zaidi kwake. Wale waliouliza juu ya bahari kule Ureno walikuwa wakiuliza jambo hilo hilo. Ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa ikigusa maji huweza kupinduka na kuwazamisha waliomo. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini ni hatari ya nani? Hilo ndilo lililowaumiza waliomwona mtoto akifa. Sisi hatukuwamo katika ndege ile, na kuwahukumu watu hao si kazi yetu. Tunasema tu kwamba swali waliloulizwa lilikuwa la haki.

Marubani wanne

Sasa tulifikie swali letu kubwa. Tuchukue mfano. Marubani wawili wanarushwa na hali moja: hitilafu moja, usiku mmoja, barabara moja. Wote wawili wanafanya yale yale kwa ustadi ule ule. Yule wa kwanza anatua na kusimama. Yule wa pili anapotua, gari linachomoza kutoka njia ya pembeni, na mwenye gari anakufa. Je, wa pili ni mwovu kuliko wa kwanza? Akili yakataa. Hakufanya hata tendo moja ambalo mwenzake hakulifanya. Gari lililochomoza halikuwa tendo lake.

Tuwaongeze wengine wawili. Rubani wa tatu ni mzembe. Hakupima mafuta kabla ya kuruka, kwa kuwa alikuwa na haraka. Alizoea kuruka hivyo, na kila mara alifika. Safari hii mafuta yanamwishia juu ya mji. Anatua barabarani, na kwa kuwa barabara ni tupu hadhuriki mtu. Watu wanamshangilia, wanampiga picha, na yeye anajisifu. Rubani wa nne ni mwangalifu. Alikagua kila kitu, lakini chuma kilichofichika ndani ya injini kikavunjika. Alijitahidi kadiri alivyoweza, na bado mtu mmoja akafa chini yake. Watu wanamtazama kwa jicho la chuki, na usingizi unamtoka miaka mingi.

Wapenzi wasomaji, ni yupi kati ya wawili hawa aliyetenda dhambi? Watu wanamvika shada yule wa tatu na kumrushia mawe yule wa nne. Lakini mbele ya Yule ajuaye yaliyomo vifuani, mambo yamegeuka. Wa tatu aliwatia watu hatarini kwa uzembe wake, na kutodhurika kwao hakukutoka kwake. Alikuwa mdeni ambaye mwenye mali hakuja kudai siku ile. Wa nne alitimiza haki ya kila mtu, na msiba ukamfika bila ya yeye kuuita.

Labda mtu atasema: haya ni maneno ya vitabuni tu, duniani hatuna njia ya kumhukumu mtu ila kwa matokeo. Ni kweli kwamba macho yetu huona matokeo kwanza. Lakini si kweli kwamba hatuna njia nyingine. Tunaweza kuuliza: alifanya nini kabla? Na tukiuliza hivyo tutagundua kwamba hukumu ya kweli ya rubani huyu haikuandikwa katika zile dakika nne za mwisho. Iliandikwa mapema zaidi, ndege ikiwa bado chini.

Jaribu huanzia chini

Kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinalithibitisha jambo hili kwa namna ya kuvutia. Zinaagiza kwamba anayeruka kwa kuona kwa macho asianze safari ila awe na mafuta ya kumfikisha aendako, na juu ya hayo mafuta ya kuruka dakika 30 zaidi ikiwa ni mchana, au dakika 45 ikiwa ni usiku. Zinaagiza pia kwamba, isipokuwa wakati wa kupaa na kutua, rubani asiruke chini ya kimo ambacho, kama injini itakufa, kitamwezesha kutua kwa dharura bila kuwatia watu na mali zilizo chini katika hatari isiyo ya lazima. Yaani sheria inamtaka rubani amfikirie yule mama aliye garini wakati injini bado inanguruma vizuri, wakati hakuna dharura yoyote. Kila rubani anayeteremka chini mno juu ya mji ili aone mandhari, hata kama injini yake haijazima wala haitazima, amekwisha kuvunja haki ya watu walio chini. Hawatajua kamwe kwamba haki yao ilivunjwa, lakini imevunjwa.

Mfano wa kusikitisha wa jambo hili ni ule wa tarehe 4 Aprili, 1977. Siku hiyo haikuwa ndege ndogo bali ndege kubwa ya abiria yenye watu 85, iliyopita katika dhoruba kali ya radi juu ya jimbo la Georgia. Mvua nyingi na mawe ya barafu viliingia katika injini zake zote mbili zikazimika. Marubani walijaribu kutua katika barabara ya kijiji cha New Hope. Mabawa yakagonga nguzo na miti, ndege ikavunjika. Watu 63 waliokuwa ndani walikufa, na pamoja nao watu 9 waliokuwa chini katika shughuli zao. Abiria na wahudumu 22 walinusurika. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilipolitafuta chanzo haikuishia kwenye ile barabara. Ilirudi nyuma: kwamba shirika halikuwapa marubani habari mpya za hali mbaya ya hewa, kwamba nahodha aliitegemea rada ya ndege yake kupenya katika dhoruba, na kwamba utaratibu wa kuongoza ndege nao ulikuwa na upungufu wa kupeleka habari kwa wakati. Barabarani palikuwa mwisho tu wa mlolongo wa mambo madogo madogo yaliyoachwa na watu wengi katika ofisi nyingi, na kila mmoja wao bila shaka aliyaacha mara nyingi hapo kabla, na mara zote yakapita salama.

Hapo ndipo hatari ya salama ilipo. Msiba humfundisha mtu, salama humdanganya. Mtu akila moto mara moja huogopa. Lakini akiucheza mara kumi bila kuungua husema kwamba yeye na moto ni marafiki.

Deni lisilo na dhambi

Hata hivyo, baada ya kusema kwamba rubani wa nne hana dhambi, je, tuseme kwamba hana lolote la kufanya? Je, aifute miguu yake na kwenda nyumbani, akisema, "Mimi nilifanya wajibu wangu"? La, hasha! Na hapa sheria ya Kiislamu ina hekima ambayo wanafalsafa wengi wameihangaikia. Mtu aliyeua bila kukusudia haitwi muuaji wa makusudi wala halipizwi kisasi. Lakini pia haachiwi aende kana kwamba hakuna lililotokea. Anadaiwa diya kwa jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiisamehe, na anadaiwa kafara mbele ya Mola wake. Hukumu hiyo inatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: lawama na deni. Lawama hufuata nia na juhudi. Deni hufuata lililotokea.

Ni nani asiyeona uzuri wake? Wale waliofiwa hawapati faraja kwa kuambiwa kwamba hakuna aliyekosea. Mtoto wao amekufa, na dunia inaendelea kana kwamba ni upepo uliopita. Lakini mtu akija, akakaa nao chini, akasema, "Ni mkono wangu uliofanya, ingawa si moyo wangu, nimekuja kubeba sehemu yangu", basi huyo amewarudishia utu wao. Naye pia amejirudishia utu wake, kwa kuwa mtu mwema hawezi kulala akisema "si kosa langu" na akatosheka. Huzuni yake si ushahidi wa hatia; ni ushahidi wa moyo ulio hai.

Hata zile kanuni za Marekani tulizozitaja zina mfano wa jambo hili. Zinampa rubani aliye katika dharura ruhusa ya kuivunja kanuni yoyote kwa kadiri dharura hiyo inavyolazimu, wala si zaidi ya hapo. Lakini baadaye akitakiwa na wakubwa, hana budi kuandika taarifa ya aliyoyafanya. Ruhusa imetolewa, na hesabu imebaki. Dharura hulegeza sheria, haiifuti hesabu.

Sisi je?

Ndugu msomaji, pengine hutaongoza ndege maishani mwako. Lakini je, hujawahi kupanda gari ambalo dereva wake alijua kwamba breki ni mbovu, akasema, "Tutafika tu"? Lori likishuka mteremko bila breki, dereva aliyekata usukani ili asiingie sokoni aweza kusifiwa kwa ushujaa, na kweli kwa dakika ile alikuwa shujaa. Lakini lazima tumuulize: breki hizo ulizijua tangu lini? Aliyeuzima moto alioukoka mwenyewe anastahili shukrani kwa kuuzima, lakini bado anadaiwa jibu kwa kuukoka.

Kadhalika katika mambo ya roho. Wapo watu wanaotafuta haki, wanasoma na kuuliza, nao hupatwa na fikira hii: "Nimeishi miaka mingi nikiwadhulumu watu katika biashara, nikisema uongo, nikiacha wajibu wangu, na sikupatwa na baya lolote. Watoto wangu ni wazima, mali yangu inaongezeka. Kama nilikuwa na makosa, mbona sikuadhibiwa?" Na wapo wengine wanaofikiri kinyume chake: "Nimepatwa na misiba mfululizo, bila shaka Mungu amenichukia." Fikira zote mbili zina mzizi mmoja, nao ni kusoma matokeo kana kwamba ni hukumu. Yule wa kwanza ni rubani wa tatu, aliyekuta barabara tupu. Yule wa pili huenda akawa rubani wa nne, aliyefanya yote yaliyo wajibu wake na bado gari likachomoza.

Kwa hiyo aliyesalimika asijisifu, bali ajiulize: je, nimesalimika kwa uangalifu wangu, au kwa muhula tu niliopewa? Ikiwa ni muhula, basi muhula si msamaha. Ni nafasi ya kurudi na kutengeneza. Rubani aliyetua salama kwa sababu ya tangi tupu, akiwa na akili, hatakwenda kwanza kwa wapiga picha. Atakwenda kwa yule ambaye gari lake limebondeka, aombe radhi na kulipa. Kisha atarudi kwenye ndege yake, na tangu siku hiyo hataruka kabla ya kuingiza kijiti katika tangi na kuyaona mafuta kwa macho yake. Toba yake itaonekana katika kijiti kile kuliko katika machozi.

Naye aliyepatwa na msiba bila uzembe asikate tamaa. Na alipe deni lake bila kujiita mwovu, na abebe huzuni yake bila kudhani kwamba ni laana. Ajuaye nia hadanganywi na picha za kamera. Kamera yaanza kupiga pale ndege inapotokea gizani, lakini Yeye aliiona tangu ilipokuwa imeegeshwa, na rubani akiizunguka, akiikagua au asiikague.

Basi tusingoje zile dakika nne ili tuanze kuwa wema. Zikifika, tutafanya yale tu tuliyokwisha kuyazoea. Haki ya jirani yetu aliye chini, ambaye hatujui jina lake wala hatuna habari zake, hulindwa asubuhi, injini ikiwa baridi, wakati hakuna anayetutazama. Mwenyezi Mungu atujalie tuwe waangalifu katika salama, wavumilivu katika msiba, na wakweli katika kulipa yale tunayodaiwa. Amina.